Neno la Ripley kinywani mwa Andy

Msomaji mmoja wa Morogoro ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Juzi nimeangalia Alien: Romulus na mdogo wangu wa kike anayesoma chuo. Mimi filamu hizi nimezifuata tangu ile ya kwanza, yeye hii ndiyo anaanza nayo. Pale Andy anaposema lile neno la Ripley, mimi nilitoka kabisa kwenye hadithi, nikajikuta niko sebuleni nawaza habari za waongozaji. Mdogo wangu alishtuka akashangilia. Je, hizi kumbukumbu za filamu za zamani zinaharibu filamu mpya, au ni mimi ninazijua mno ndiyo maana sifaidi tena?"

Marahaba, ndugu yangu. Hujazijua mno. Kilichokutoa kwenye hadithi kina mahali pake maalumu ndani ya filamu ile, na nikikuonyesha palipo utaona kwamba kosa si la kumbukumbu. Kumbukumbu zipo nyingine ndani ya filamu hiyohiyo ambazo nadhani zilipita mbele yako na hukulalamika.

Niwape kwanza wengine ramani. Alien ya Ridley Scott, filamu ya kutisha ya dude la angani linaloua watu ndani ya chombo, na Ripley ndiye mwanamke anayenusurika, ilitoka mwaka 1979. Aliens ya James Cameron ikafuata mwaka 1986. Romulus ya Fede Álvarez imetoka mwaka 2024, lakini kihadithi imepachikwa katikati ya hizo mbili: ile ya kwanza inatokea mwaka 2122, Romulus mwaka 2142, na ile ya Cameron mwaka 2179. Ishike hiyo miaka, tutairudia.

Sasa twende kwenye neno lenyewe lilikozaliwa. Mwisho wa Aliens, mtoto Newt amejificha chini ya sakafu ya vyuma. Malkia wa yale madude anainua kipande kimoja kimoja cha sakafu akimtafuta. Mlango mkubwa unafunguka, Ripley anatokea amevaa mashine ya kunyanyulia mizigo, miguu ya chuma inagonga sakafu, na anamwambia yule Malkia amwachie mtoto, kisha anamtukana tusi ambalo kwa Kiingereza ni la jike la mbwa. Watu ukumbini walisimama. Kwa nini walisimama? Si kwa ukali wa tusi. Dakika chache kabla ya hapo Ripley ameyateketeza mayai ya huyo Malkia mbele ya macho yake. Kabla ya hapo alimwahidi Newt kwamba hatamwacha. Na katika toleo refu la filamu tunaambiwa kwamba Ripley alikuwa na binti, akazeeka akafa wakati mama yake amelala usingizi wa miaka 57 angani. Kwa hiyo wanaokabiliana pale ni mama wawili, mmoja ameunguziwa wanawe, mwingine hataki kupoteza mtoto wa pili. Tusi lile ni la mwanamke kwa mwanamke, na kila herufi yake imelipiwa.

Rudi kwa Andy. Andy ni roboti wa Romulus, amelelewa pamoja na Rain, msichana aliye shujaa wa filamu hiyo, kama kaka yake. Ana kigugumizi, anasimulia vichekesho vya baba yake Rain, na kazi aliyopewa duniani ni moja tu, kumfanyia Rain lililo bora. Nampenda Andy. David Jonsson amemwigiza vizuri kiasi kwamba ukiniuliza nini kitabaki kwenye filamu ile baada ya miaka ishirini, nitakuambia ni uso wake. Dude linamvamia Rain, Andy analipiga risasi, na hapo, kwa kigugumizi, anatoa sentensi ileile ya Ripley.

Ameitoa wapi? Ripley ataisema miaka 37 baadaye. Wakati ule amelala ndani ya chombo kidogo kinachoelea gizani. Hakuna mtu aliyemfundisha Andy maneno hayo, na mtukanwa si Malkia wala si mama, ni askari tu wa kundi. Sentensi haina mzizi kwa msemaji na haina mzizi kwa msemwa. Imetoka kwenye kumbukumbu yetu sisi tuliokaa kwenye viti, ikawekwa kinywani mwa kijana ambaye hawezi kuwa nayo. Ndiyo maana ulijikuta sebuleni. Sentensi yenyewe ilikuwa imekuja kukutafuta sebuleni.

Sasa linganisha na hii. Ndani ya Romulus yuko Rook, roboti aliyekatika kiwiliwili, amebaki kichwa na kifua. Kuna mahali anawaambia vijana kwamba hawezi kuwadanganya kuhusu nafasi yao ya kupona, lakini anawaonea huruma. Maneno hayo karibu yote ni ya Ash, roboti wa filamu ya 1979, aliyoyasema kichwa chake kikiwa kimewekwa mezani. Ni nukuu, tena nukuu ya wazi kuliko ya Andy. Lakini Rook na Ash ni toleo moja, wametoka kiwanda kimoja, wamepewa bwana mmoja wa kumtumikia. Vitu viwili vya kiwanda kimoja kutoa sentensi moja ni jambo linalotisha. Linakwambia kwamba huruma ile ya Ash haikuwa huruma hata kidogo, ilikuwa maneno ya kopo, yamefungwa kabla ya chombo kuruka. Umeongezewa kitu kuhusu filamu ya zamani. Na mdogo wako, ambaye hamjui Ash, amepata roboti mwenye adabu anayewatangazia watu kifo chao. Wote wawili mmekula.

(Najua wengi Rook aliwasumbua kwa sababu nyingine. Ian Holm, aliyeigiza Ash, alifariki mwaka 2020, na uso wake umerudishwa kwa kikaragosi cha mashine, kwa mwigizaji mwingine, na kwa kompyuta. Midomo haikai sawasawa, na mtu anayejua kwamba mwenye uso ameshazikwa hawezi kutulia. Hilo ni swali la mafundi na la heshima kwa marehemu. Sitalichanganya na lako.)

Kwa hiyo ninachokuambia ni kwamba angalia nani anasema na anamwambia nani. Mengine yote yanatoka hapo. Nami sikufundishwa hiki darasani. Nilikiona kwenye kibanda cha video.

Mimi nimekulia kwenye mabenchi ya mbao mbele ya televisheni ndogo, jenereta likinguruma nyuma ya ukuta wa mabati. Rambo ya pili, ile ya 1985, niliiona kabla ya ya kwanza ya 1982, kama walivyoiona watoto wengi wa mtaani kwetu, kwa sababu kanda iliyopatikana ndiyo iliyowekwa. Filamu inaanza Rambo yuko gerezani, anavunja mawe. Kanali Trautman anamfuata palepale machimboni. Sikujua alifungwa kwa nini. Sikujua kwamba kuna mji mdogo aliwahi kuuchakaza. Lakini nilimwona stelingi, mtu anayetazama kila mlinzi kama atamrarua, anavyotulia mbele ya mzee huyu mmoja, anavyojibu kwa ufupi na kwa heshima. Nikajua papo hapo kwamba hawa wana historia, na kwamba huyu mzee ndiye pekee anayeweza kumtuma. Nilipokuja kuiona ya kwanza miaka mingi baadaye, nilipata sababu. Uhusiano nilikuwa nao tayari.

Sasa kumbuka na watafsiri wetu, Lufufu kwa Tanzania, DJ Afro kwa Kenya, na wenzao wa Uganda wanaojaza vibanda hadi leo. Mtafsiri anakatiza filamu kila dakika. Adui akitokea anakwambia huyu ndiye yule aliyemchinja ndugu yake stelingi kwenye ile ya kwanza, mshike huyo, msimsahau. Anakuchekesha, anampa mzungu jina la mtu wa Manzese. Kwa kanuni za vitabu vya filamu, tungekuwa tunatolewa nje ya hadithi kila wakati. Lakini hatukutolewa. Nimekaa kwenye vibanda hivyo nikiwa na jasho la hofu, na mtafsiri anaongea.

Niliwaza jambo hilo kwa miaka kabla sijaelewa. Mtafsiri anasema kwa kinywa chake. Unajua ni yeye, unajua anakwambia wewe, na anayeonekana kwenye kioo anaendelea na shida zake bila kujua kwamba kuna mtu anamsimulia. Kuzama kwenye hadithi hakutaki kimya. Kunataka tu kwamba yule aliye ndani awe ndani kweli. Andy, kwa sekunde tatu, amegeuzwa mtafsiri lakini hatukuambiwa. Ameacha kumtazama Rain akatutazama sisi, hata kama macho yake kwenye kioo yako kwa Rain.

Ukishaliona hilo, filamu nyingine zinafunguka zenyewe. Chukua On Her Majesty's Secret Service ya 1969, filamu ya jasusi James Bond, ya kwanza katika mfululizo rasmi isiyo na Sean Connery. George Lazenby anamwokoa mwanamke ufukweni, anapigana na watu wawili, mwanamke anawasha gari na kuondoka, anamwacha amesimama, naye anasema kwamba jambo hili halikuwahi kumpata yule mwenzake. Wengi hulikasirikia. Mimi nalisamehe, kwa sababu ni utafsiri wa wazi kabisa. Filamu inakiri mapema kwamba mwigizaji amebadilika, inakusalimu, kisha inaendelea. Ninayoipenda zaidi ni nyingine, ndani ya filamu hiyohiyo. Bond ameamua kuacha kazi, anafungua droo ya meza yake, anatoa vitu vya filamu zilizotangulia: kisu cha Honey wa Dr. No, saa yenye waya wa kunyongea kutoka From Russia with Love, kifaa cha kupumulia majini kutoka Thunderball, na kila kimoja kinakuja na kipande cha muziki wake. Ukiorodhesha hivyo unaweza kudhani ni maonyesho ya makumbusho. Lakini mtu yeyote aliyewahi kuondoka kazini anaijua ile saa moja ya kumwaga droo, unakutana na kitambulisho cha zamani, kalamu ya mtu aliyehama, ufunguo usiojua wa wapi. Mgeni kwenye Bond anamwona mtu anayeagana na kazi. Mwenyeji anaagana naye. Na Lazenby, mwigizaji mpya, anapata kwa dakika moja ile historia ambayo hakuwa nayo.

Kazi yangu ni uhariri, kwa hiyo nina namna yangu ya kupima, nayo ni mkasi. Naikata kumbukumbu, naangalia tukio linabaki limesimama au linaanguka. Ikate sentensi ya Andy. Dude linakuja, Andy anashikwa na kigugumizi, anapiga risasi, Rain anapona. Hakuna kilichopungua. Ningethubutu kusema kimeongezeka, maana ungebaki na Andy peke yake, na woga wake na ushindi wake, bila mtu mwingine ndani ya kinywa chake.

Halafu fanya vivyo hivyo kwenye Creed ya Ryan Coogler, ya 2015. Hii niisimulie taratibu, kwa sababu sijui mfano unaonifurahisha zaidi. Rocky III, ya 1982, inaisha kwa pambano la siri. Rocky na Apollo Creed, marafiki sasa, wanaingia ulingoni peke yao, hakuna watazamaji, hakuna refa, ngumi mbili zinarushwa kwa pamoja na picha inaganda. Nani alishinda? Hatukuambiwa. Na katika filamu iliyofuata, ya 1985, Apollo anauawa ulingoni. Swali likafungwa kaburini. Miaka 33 baada ya ngumi zile kuganda, kijana Adonis, mtoto wa Apollo, anaingia kwenye mgahawa wa Rocky kule Philadelphia, na katika maongezi anamuuliza kuhusu pambano la tatu, lile la mlango uliofungwa, kwamba nani alishinda. Mzee anashtuka. Hili jambo lilikuwa la watu wawili, na mmoja amekufa. Umelijulia wapi?

Tazama swali hilo linavyofanya kazi. Ni kumbukumbu ya filamu ya zamani, tena ndiyo aliyokuwa nayo kila mpenzi wa Rocky tangu utotoni. Lakini ndani ya hadithi ni hati ya utambulisho. Kijana hana barua, hana picha, ana siri. Ndiyo inayomfungulia mlango. Ukiikata, Rocky hana sababu ya kumwamini, na filamu nzima inakwama mezani. Mtu ambaye hajawahi kuona hata Rocky moja anaelewa kila kitu, maana kila mtu anajua maana ya mgeni kutaja jambo ambalo ni marehemu tu angeweza kulisema. Na Rocky anamjibu kijana kwamba aliyeshinda ni Apollo. Kwa mgeni, mzee anampa yatima zawadi. Kwa wewe uliyesubiri tangu picha igande, umepewa jibu, na limetolewa na mtu aliyekuwa na haki ya kulificha.

Halafu zile ngazi. Zile 72 za makumbusho ya sanaa ambazo watalii wanazipanda kila siku wakirusha ngumi hewani. Mwongozaji mwenye tamaa angezitumia kwenye mazoezi katikati ya filamu, muziki wa zamani ukipigwa kwa sauti yote. Coogler anazificha hadi dakika za mwisho, na anayezipanda ni Rocky mgonjwa, polepole, Adonis akiwa kando yake. Ngazi ni zilezile na mtu ni yuleyule. Umri ndiyo umebadilika, na ule mwili. Hapo kumbukumbu yako ya kijana aliyekimbia mwaka 1976 haikutoi nje, inaongeza uzito juu ya magoti ya mzee.

Kuna uharibifu wa aina nyingine ambao hukuuliza lakini utaukuta, basi niutaje kwa haraka. Katika Rogue One ya 2016, mashujaa wanapita kwenye mtaa uliojaa watu wa kila sura, na wanagongana bega na wale wagomvi wawili, Evazan na Ponda Baba, ambao katika Star Wars ya 1977 wanamchokoza Luke kwenye baa ya sayari nyingine. Haichukui hata sekunde kumi. Hakuna aliyesema neno lisilo lake. Lakini ulimwengu umenywea. Galaksi yenye sayari zisizohesabika imekuwa kata moja ambayo ukitoka nyumbani huwezi kukosa kukutana na mjumbe wa nyumba kumi. Ukubwa wa ulimwengu ni sehemu ya hofu yake na ya uzuri wake, na kila mkutano wa bahati unaula kidogo. Mmoja hauui. Zikifika tano ndani ya saa mbili, mtazamaji anaacha kuamini kwamba nyuma ya kilima kile kuna kitu kisichojulikana.

Kuna upande mmoja ulio wako, na sitaki kuuficha. Tumezoeshwa kuwinda. Kabla filamu haijatoka kuna video za kuhesabu vitu vilivyofichwa ndani yake, na siku inapotoka kuna nyingine za kukuambia ulichokosa. Ukiingia na orodha kichwani, hata kumbukumbu iliyopandwa vizuri utaitoa ardhini uitazame mizizi. Kutambua kitu ni raha ya kweli, sikukatazi. Bibi alipotaja Sungura tulikuwa tunamjua tayari, ujanja wake wa jana ulikuwa ndiyo utamu wa leo. Lakini tulikuwa tunamngoja aone shida yake ya leo, hatukuwa tunahesabu mara ngapi amefanana na wa jana. Jaribu kuangalia mara ya kwanza bila kuhesabu. Kinachokutoa hata hapo, hicho ni cha filamu.

Kuhusu mdogo wako, usimsikitikie wala usimwonee wivu. Alishangilia kwa haki, Andy alikuwa ameishinda hofu na kumwokoa dada. Tusi kwake lilikuwa tusi. Fanya hivi, kama una nafasi wikiendi hii: mwekee Aliens, usimwambie chochote, ukae naye hadi mwisho. Mlango mkubwa utafunguka, Ripley atatoka ndani ya ile mashine, na atasema. Kwa mdogo wako, Ripley ndiye atakayekuwa anamnukuu Andy. Mwangalie usoni wakati huo. Kama atageuka kukutazama na kusema "kama Andy!", neno limemtoa naye nje. Kama hatageuka, kama macho yake yatabaki kwa Newt chini ya sakafu, niandikie tena, ningependa sana kujua.